Bi Mitambo na Simu Iliyokuwa Ikikatika

Bi Mitambo aliunganisha simu za watu kwa miaka thelathini na mmoja, na ukitaka kumuudhi mwambie kwamba ilikuwa kazi ya kukaa. Alikaa, ndiyo, kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, visikizi masikioni, mbele ya ubao wenye matundu mia na ishirini na nyaya zenye vichwa vya shaba. Lakini mikono haikukaa. Kitaa kinawaka juu ya tundu, mkono huu unachomeka waya, ule unachomoa, mdomo unauliza "nambari tafadhali," na jicho limeshahamia kitaa kingine. Wenzake walipenda kusema kwamba angeweza kuunganisha watu sita kabla chai yake haijapoa. Walitia chumvi. Chai yake ilipoa kila siku, na aliinywa hivyo hivyo.

Kazi ile ilikuwa na kanuni zake, na moja ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Laini zilikuwa chache na watu walikuwa wengi, kwa hiyo laini iliyonyamaza haikuachwa ikae bure. Ukisikia kimya, unahesabu moyoni, moja mpaka tano. Kisha unaingia na kuuliza, "Mnaongea?" Usipojibiwa, unachomoa waya na kumpa mwingine. Hapakuwa na roho mbaya hapo. Kimya kilimaanisha watu wamemaliza, au waya umekatika njiani, na kuna mtu mwingine anayengoja zamu yake.

Baadaye mitambo ikang'olewa, ule ubao ukatupwa stoo, na yeye akastaafu. Alirudi kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe juu ya kilima: vyumba vitatu, baraza, tangi la maji ya mvua, na paneli moja ya sola iliyowasha taa na redio. Minara ya simu za mkononi ilijengwa huko na huko, ila kilima kile hakuna mnara uliokiona. Mwanamke aliyewaunganisha maelfu kwa maelfu ya watu, akitaka kuongea na mwanawe mwenyewe, ilibidi ashuke nusu saa mpaka kwenye kona ya barabara, apande juu ya jiwe, na apige kelele kama anayefukuza mbuzi shambani. Majirani walimcheka, naye alicheka nao. Magoti yake ndiyo hayakucheka.

Mwanawe alikuwa mmoja tu. Alikuwa fundi wa maabara katika hospitali ya mjini, mwendo wa siku mbili kwa basi, na kazi yake ilikuwa kupima damu. Alikuwa ameoa na alikuwa na binti wa miaka minne, ambaye Bi Mitambo alimwona mara moja tu, angali ananyonya. Mwanamume huyo alikuwa na kigugumizi tangu udogo wake. Na si kile cha kurudiarudia tu ambacho watoto wakorofi hupenda kukiiga. Chake kilikuwa cha kukwama. Neno lilikuja vizuri mpaka kwenye meno, likagoma. Mdomo unabaki wazi, shingo inakaza, na hakuna sauti inayotoka, mpaka neno lenyewe liamue.

Mama alifanya alichokiona sawa. Alikuwa mdomo wake. Dukani muuzaji aliuliza kijana anataka nini, mama akajibu. Kwa daktari kijana aliulizwa panauma wapi, mama akaonyesha. Mtoto akianza neno, mama alilimaliza, upesi na kwa upendo, kama mtu anayemwinua aliyejikwaa. Usimlaumu haraka. Alikuwa anatoka kazini ambako siku nzima alilipwa kwa kuondoa vimya vya watu, na hakuna aliyemwambia kwamba nyumbani kazi ilikuwa nyingine.

Mwaka huu, mwezi mmoja hivi kabla ya likizo, alipanda kilimani fundi wa dishi na pikipiki yake, binti wa miaka ishirini na kitu mwenye ovaroli iliyomzidi. Alikuwa ametumwa na mwanawe. Alifunga dishi la setilaiti juu ya bati, akaongeza paneli ya pili na betri, akaweka ruta kwenye rafu pembeni ya redio, na mezani akaweka simu nyeusi yenye vitufe vikubwa. Bi Mitambo aliinua mkono wa simu, akasikia ule mlio, na machozi yakamlengalenga. Ulikuwa mlio mwembamba kuliko wa zamani, lakini ulikuwa mlio.

"Waya wake unapita wapi?" aliuliza.

"Hakuna waya, bibi. Sauti inapanda juu, inarudi."

"Juu wapi?"

Fundi alinyoosha kidole mbinguni. Bi Mitambo alitazama dari, akaona alichokuwa akikiona siku zote, akaamua kutouliza zaidi.

Ndani ya sanduku la ruta mlikuwa na barua ya mwanawe. Mwandiko wake ulitiririka kuliko mdomo wake. "Mama," aliandika, "nimekuwekea hii ili usishuke tena kilimani. Haihesabu dakika. Nitakupigia kila Jumapili saa nne asubuhi. Nina jambo la kukuambia kabla hatujaja likizo. Ningeweza kuliandika, lakini nataka niliseme kwa mdomo wangu mwenyewe. Nakuomba usinikisie."

Usinikisie. Hilo neno alilisoma mara tatu, akalipita.

Jumapili ya kwanza simu iliita saa nne kasoro dakika mbili. Sauti ya mwanawe ilikuwa karibu sana, mpaka Bi Mitambo akageuka kutazama mlangoni. Walijuliana hali. Waliongelea mvua, magoti, na jirani aliyeuza ng'ombe wake kisha akaanza kumwota. Halafu kijana akasema, "Ma-mama, li-lile jambo."

"Nakusikiliza, baba."

Pakawa kimya. Na Bi Mitambo, ambaye alikuwa amejiapiza kutokisia, alidumu kadiri ya mtu kupiga chafya.

"Umefukuzwa kazi?"

"Ha-hapana."

"Mkeo ni mjamzito? Si useme tu, mbona ni heri."

"Ma-mama, si..."

Kimya kingine. Halo, halo, aliita Bi Mitambo. Laini ilikuwa imekufa, ndivyo alivyoona, akarudisha mkono wa simu mahali pake ili mwanawe apate kupiga tena. Kijana alipiga. Walifika pale pale, na laini ikafa pale pale. Mara ya tatu hakupiga.

Jumapili ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa mbaya zaidi. Sauti ya kijana ilikuwa imechoka tangu salamu. Alihangaika na jambo lake, akaliacha njiani, kisha akasema, "Mama, li-likizo hii la-labda tu-tusije." Kikafuata kimya kirefu, na katika kimya hicho simu ikakatika tena.

Bi Mitambo alikaa mezani akashika tama. Chumba cha pili alikuwa ameshakifagia, na kitanda kidogo alikuwa amekiazima kwa jirani na kukitandikia shuka lenye maua. Kulikuwa na jambo ambalo mwanawe alitaka kulisema na halikusemeka, na kwa ajili ya jambo hilo mjukuu hatakuja. Na yote hayo kwa sababu ya dishi bovu. Hasira ilimpanda. Aliinua mkono wa simu akampigia fundi.

"Dishi lako linakata watu maneno."

"Pole, bibi. Unapiga kwa simu gani?"

"Hii hii mbovu."

Upande wa pili fundi alikohoa, pengine akizuia jambo fulani, akaahidi kuja Jumatano.

Jumatano alikuja kweli. Alipanda ngazi mpaka kwenye bati, akasafisha dishi, akakagua nyaya na taa za ruta, akasema haoni kasoro. Bi Mitambo alimwambia kwamba kasoro haionekani kwa macho, inasikika. Basi wakakubaliana kujaribu. Bi Mitambo angekaa mezani na mkono wa simu sikioni, na fundi angempigia kutoka juu ya bati huku akikaza nati.

"Bibi, unanisikia?"

"Nakusikia kama uko jikoni."

"Vizuri. Usikate, nageuza hiki kidogo."

Kikapita kitambo cha mlio wa chuma juu ya bati. Kisha hata mlio ule ukakoma. Bi Mitambo alisikiliza. "Halo?" alisema. "Halo?" Hakujibiwa. Akaweka simu chini, akatoka barazani akiwa ameshika kiuno, na uso wake ulikuwa na furaha ile ya mtu aliyeitwa mwongo kisha ushahidi ukaja wenyewe.

"Umeona sasa? Imekufa tena."

Fundi alishuka ngazi taratibu. Alitoa skrubu mbili mdomoni, akazitia mfukoni, akaitazama simu yake.

"Bibi, haikufa. Umekata wewe."

"Mimi?"

"Nilinyamaza kwa sababu ya hizi skrubu. Hata sekunde kumi hazikufika." Akamsogezea simu, akamwonyesha orodha ndefu. "Hii ni kumbukumbu ya laini yako. Za Jumapili hizi hapa. Zote zimekatwa upande huu, kwa simu ya mezani. Dishi halina kosa."

Bi Mitambo aliichukua ile simu akaisogeza mbali na macho, kama wazee wafanyavyo, akasoma. Alisoma tena. Kumbukumbu za simu alizijua. Alikuwa ameziandika kwa mkono miaka thelathini na mmoja na hakuwahi kuzibishia. Ndipo akamweleza fundi ile kanuni ya zamani, kuhesabu moja mpaka tano, "Mnaongea?", kisha kuchomoa. Alieleza akiutazama mkono wake wa kulia, kama ni wa mtu mwingine. Fundi alianza kucheka, akauona uso wa bibi, akaacha.

"Bibi," alisema, "laini hii haina foleni. Ni yenu nyinyi tu. Hata mkinyamaza mpaka jua lizame, hakuna anayewangoja mmalize."

Fundi alipoondoka, Bi Mitambo hakuingia ndani. Alikaa barazani, na kilichomjia hakikuwa simu. Kilikuwa kisa cha zamani ambacho siku zote alikisimulia kwa kicheko. Kijana akiwa na miaka saba alirudi shuleni mbio, akasimama mlango wa jikoni, mdomo wazi, neno limegoma. Mama alikuwa anasonga ugali. Una njaa? Umepigwa? Umepoteza penseli? Kwenye penseli mtoto akasema "ndiyo." Kesho yake mama akamnunulia penseli mpya. Wiki ikaisha, mwalimu akakutana naye njiani akampongeza kwamba mwanawe ameongoza darasa zima kwa hesabu. Kila aliposimulia, watu walicheka, mtoto gani huyu anayekubali kapoteza penseli. Leo, kwa mara ya kwanza, alimwona yule mtoto akiwa amebeba habari yake nzuri mpaka mlangoni, halafu akiiacha hapo kwa sababu mama alikuwa na haraka. Alijiuliza ni "ndiyo" ngapi nyingine zilikuwa za namna ile. Alilia, si kidogo, na hakuna aliyemwona isipokuwa kuku.

Jumapili ya nne ilimkuta ameshaoga na kujifunga kanga safi tangu saa moja. Fundi alikuwa amemwonyesha kitufe cha kutoa sauti nje, ili asishike mkono wa simu. Akafikiri pia juu ya mikono yake, ambayo hakuiamini tena. Simu ilipoita, alibonyeza kitufe, kisha akaitia mikono yote miwili chini ya mapaja akaikalia.

"Shikamoo, ma-mama."

"Marahaba, baba. Mimi niko hapa. Leo sina haraka na siendi popote."

Kijana alingoja kidogo, kama asiyeamini. "Li-lile jambo," alisema.

Kikaja kimya. Moja, mbili, tatu. Mkono wa kulia ulitaka kuchomoka chini ya paja. Nne, tano. Maswali yalimpanda kooni, umefukuzwa, unaumwa, mmeachana, akayameza moja moja. Sita, saba. Alifika kumi, na tangu azaliwe hakuwahi kufika kumi. Hapo ndipo alipogundua kwamba kile alichokiita kimya hakikuwa kimya. Kilikuwa na mtu ndani. Alimsikia mwanawe akimeza mate. Alisikia kiti kikilia, na pumzi ikivutwa, ikishikwa, ikiachiwa, ikivutwa tena. Mtu yule alikuwa anafanya kazi ngumu, na alikuwa anaifanya kwa ajili yake. Akaacha kuhesabu.

"Mtoto," alisema kijana, "a-a..." Ilichukua muda. "Ameanza. Ka-kama mimi. Anakwama."

Bi Mitambo alijiuma ulimi. Kijana akaendelea, polepole, na kila alipokwama hakuna aliyemwokoa, akatoka mwenyewe.

"Naogopa tu-tukija, utamsemea. Kama u-ulivyonisemea mimi. Najua u-ulikuwa unanipenda, mama. Nimelijua hilo siku zote. Lakini ni-nilikuwa nakubali maneno yako ili ya-yaishe. Mpaka leo nikikwama na-nangoja mtu anisemee. Sitaki na yeye ango..." Alikwama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Mama alijua neno linalofuata kama anavyojua jina lake. Hakulisema. "Angoje. Nakuomba u-umwache amalize. Hata ka-kama chakula kinapoa."

Alipomaliza alishusha pumzi, na pumzi ile ilijaza chumba.

Mdomo wa Bi Mitambo ulikuwa na utetezi tayari, maana midomo ya namna ile haikosi. Alitaka kumwambia kuhusu muuzaji wa dukani aliyekuwa anacheka, kuhusu daktari mwenye haraka, kuhusu mabasi yaliyokuwa yanaondoka. Vyote vilikuwa kweli. Akaviacha.

"Nimekusikia," alisema. "Nimekusikia mpaka mwisho. Na zile simu, baba, hazikuwa zinakatika. Nilikuwa nakata mimi. Nisamehe."

"Na-najua," alisema mwanawe, bila uchungu. "Nilikuwa naona hu-huku."

Alijua, wiki tatu zote, na bado alikuwa anapiga. Bi Mitambo alichomoa mkono mmoja chini ya paja akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Tu-tutakuja Jumamosi," alisema kijana. "Sasa hu-huyu hapa ananivuta shati. Anataka kukusalimia."

Kulikuwa na msukumano, kitu kikaanguka, kisha pumzi ndogo ya haraka ikaja karibu kabisa na simu.

"Bi-bi-bibi?"

"Abee, mjukuu wangu."

"Na-nataka ku-ku..."

Akakwama, vile vile kama baba yake, hata pumzi ilishikwa mahali pale pale. Bi Mitambo aliinama juu ya simu. Kichwani yalimjia ya kukisia, kwamba anataka kujua kama kuna kuku, kama kuna bembea, kama atalala kitanda chake mwenyewe. Akayaacha yapite. Jikoni maji yalianza kuchemka na kumwagikia jiko, akayaacha nayo.

"Kukuuliza," alisema mtoto mwishowe. "Huko kwako u-unalala na nani?"

"Nalala peke yangu, mama."

"Hu-hu..." Ikachukua muda wake. "Huogopi?"

Huu ulikuwa mwaka wa nane tangu mumewe afariki. Watu walikuwa wamemuuliza habari za sola, za magoti, za mahindi, za mpaka wa shamba. Hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Alifungua mdomo amjibu mtoto kitu chepesi cha kumchekesha, na mdomo ule uliojibu maelfu ya watu ukabaki wazi, hauna kitu. Alijaribu tena. Sekunde zilipita, nyingi.

Mtoto hakusema halo. Hakuuliza kama bibi bado yupo. Alijua kwamba maneno mengine huchelewa, akakaa pale akipumua kwenye simu, mpaka bibi yake akaweza kusema, "Naogopa kidogo."